Kung'arisha janti: ni usafi ao ni uongo?



Waoshaji wa magari wanatuuliza: je, ni vibaya kung'arisha janti zilizochafuka sana za gari linalopelekwa kuuzwa? Kuosha si vibaya. Lakini tuangalie kwanza uchafu ule ni kitu gani.

Weusi ule si matope tu. Ni unga wa freni: kila mara shofa anapokanyaga, chuma kinasagika, na unga ule wa moto unashika kwenye janti, kisha unapata kutu. Janti za mbele zinachafuka kupita za nyuma, maana freni za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa. Hilo ni la kawaida. Lakini kama janti moja ya mbele ni nyeusi kabisa kuliko ya upande wa pili, inaweza kuwa freni imekwama pale. Basi uchafu ni shahidi. Mwenye gari anayeuondoa makusudi amemfunga shahidi mdomo, na watoto wa mnunuzi watapanda gari lile.

(Wenye haraka wanatumia asidi kali. Aluminiumu inang'aa siku ile, halafu inabaki na madoa, kwa sababu imeliwa. Maji, sabuni na brosi laini, janti ikiwa imepoa, mara nyingi vinatosha, ijapo mkono unachoka.)

Muoshaji atasema: gari si langu. Ni kweli, lakini macho yaliyoona ni yake. Amwambie mwenye gari. Mnunuzi akiuliza, asimfiche. Pengine atakosa malipo ya siku ile, na sisi tunaomshauri hivi tujiulize jioni hiyo nyumbani kwake watakula nini.