Mama Mkubwa kwenye Fomu ya Kodi

Mwanafunzi wa kigeni akifanya kazi ghalani Ujerumani kwa miezi miwili ya kiangazi, mwajiri humkata kodi ya mapato kana kwamba atalipwa vile mwaka mzima. Mwaka ukiisha inaonekana hakufikia hata kiwango kinachoanza kutozwa, ambacho kwa mwaka 2024 kilikuwa yuro 11,784. Anajaza fomu, na ana miaka minne ya kuijaza, kisha kila alichokatwa kama kodi ya mapato kinarudi benki. Mimi nilirudishiwa yangu. Ilitosha kodi ya chumba ya mwezi mmoja, na chenji ikabaki.

Rafiki yangu Mkenya hakuifurahia habari hiyo. Chuo chetu hakitutozi ada. “Tunasomeshwa bure, halafu tunawadai?” aliniuliza. Swali lake lina adabu, ile adabu ya mgeni asiyehesabu minofu kwenye sahani ya mwenyeji. Lakini mimi sikudhani nadai hisani. Mwaka 1992 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba serikali haiwezi kumtoza mtu kile anachohitaji ili aishi, na msingi mmojawapo wa uamuzi huo ni utu. Kifungu cha kwanza cha katiba yao kinautaja utu wa binadamu, hakisemi utu wa Mjerumani. Mkazi aliyetoka Tanga naye hula.

Robert Nozick, katika kitabu chake cha 1974, alifananisha kodi ya mapato ya kazi na kazi ya kulazimishwa. Kwa mtazamo wake, pesa iliyorudi ilikuwa yangu tangu mwanzo na serikali ilikuwa imeishikilia tu. Liam Murphy na Thomas Nagel walimjibu watu wa aina yake mwaka 2002: hakuna mshahara uliokuwa “wako” kabla ya sheria, kwa sababu sheria yenyewe, pamoja na kodi zake, ndiyo inayofanya pawe na mikataba, benki na mishahara. Nilipowasoma niliona wao ndio wenye haki. Chako ni kile ambacho mpango mzima, ukiwa wa haki, unakuachia.

Niliendelea kuamini hivyo bila shida mpaka nilipoanza kumjazia fomu dada mmoja kutoka Lushoto, muuguzi. Anafanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo kodi yake hairudi yote. Anachoweza ni kupunguza mapato yanayotozwa kwa kuonyesha anamtunza nani. Sheria inaruhusu kumtunza mhitaji aliye nje ya nchi, ilimradi ofisi ya serikali ya huko ithibitishe uhitaji wake. Kwetu, kwa mfano, mtendaji wa kata na muhuri wake. Nchi zimepangwa katika makundi manne kulingana na gharama za maisha. Tanzania iko kundi la mwisho, la robo. Binadamu yule yule ambaye Ujerumani alikuwa yuro 11,784 kwa mwaka 2024, Lushoto alikuwa 2,946. Wengine huliona hilo ni tusi. Mimi sioni hivyo, maana viazi vya Lushoto kweli ni bei rahisi, ingawa ningependa kumwona aliyepanga makundi hayo akinunua dawa za presha kwa robo bei.

Shida yetu ilikuwa kwingine. Punguzo hilo ni la mtu ambaye sheria inakulazimisha kumtunza: mume au mke, na ndugu wa mstari mmoja wa damu, yaani wazazi, watoto, babu na bibi. Kaka, dada, shangazi hawamo. Na anayetumiwa pesa kila mwezi ni mama mkubwa, dada wa mama yake. Mama aliyemzaa alifariki dada akiwa na miaka minne. Huyu ndiye aliyemnyonyoa chawa, akamlipia ada, akamsindikiza uwanja wa ndege.

“Mdogo wangu, andika mama,” aliniambia. “Kwani nadanganya?”

Kwa Kiswahili hadanganyi. Akimwita mama, hakuna Mswahili atakayemsahihisha. Lakini fomu haiulizi kwa Kiswahili. Inauliza nani alikuzaa au nani alikuasili mbele ya sheria, na anayesoma jibu atalielewa hivyo. Mtu akitumia neno la kweli akijua litaingia uwongo kwenye sikio la msikilizaji, nadhani bado amedanganya. Wingi wa pesa haubadilishi hilo, na zilikuwa mamia ya yuro, sawa na bati jipya la paa.

Mpangaji mwenzake alikuwa na jibu lake. Wajerumani, alisema, walianza kututoza kodi ya nyumba mwaka 1898, tukalipa kwa pesa au kwa jasho, na manung’uniko hayo yalikuwamo katika Maji Maji. Kwa hiyo andika mama, na bado hamjalipana. Deni hilo nalikubali. Siwezi kukubali lilipwe hivi. Deni la namna ile hudaiwa hadharani, kwa jina lake. Likidaiwa kwa kuchomoa chomoa kwenye fomu ya muuguzi, linageuka udokozi, na mwenye deni anapata sababu ya kutuita wadokozi.

Hata hivyo Murphy na Nagel hawakunisaidia usiku ule. Kama chako ni kile ambacho mpango wa haki unakuachia, je, mpango usiomjua mama mkubwa ni wa haki? Na dada hana kura ya kuubadilisha. Analipa kama mkazi, lakini wanaoamua nani ni mama huchaguliwa na raia. Sioni kwamba hilo linampa ruhusa ya kudanganya. Naona tu kwamba ukweli wake unamgharimu kuliko unavyowagharimu wenzake wodini.

Nilimwambia sitaandika mama. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi andika kweli, lakini uiandike yote.” Fomu ina nafasi ya maelezo ya ziada. Kwenye uhusiano, kamusi ilinipa Tante, neno linalobeba mama mkubwa, mama mdogo, shangazi na mke wa mjomba kwa pamoja. “Hilo peke yake silitaki,” akasema. Tukaandika Tante, kisha mistari sita: miaka minne, mazishi, ada, uwanja wa ndege.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Nauli ya kwenda kazini ilikubaliwa yote. Kwa mama mkubwa, sifuri. Dada alinitumia picha ya ukurasa ule bila neno lolote, na Ijumaa akatuma pesa Lushoto kama kawaida.