Wema kwa Anayesahau

Katika wodi za hospitali kuna swali ambalo ni nadra kusemwa kwa sauti, ingawa mwenendo wa watu hulijibu kila zamu. Ikiwa mgonjwa mwenye demensia atakuwa amesahau baada ya robo saa kwamba alisemeshwa kwa upole, upole huo umemfaa nini? Swali hili haliwahusu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wao wataletwa hospitalini kwa nimonia, kwa nyonga iliyovunjika au kwa sukari iliyopanda, na muuguzi atakayewapokea atakuwa na wagonjwa wengine wanaoweza kusema asante leo na kumkumbuka kesho. Ninadai kwamba kusahau hakumpunguzii mgonjwa haki ya kuhurumiwa. Kunaiongeza.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 1911, mwanasaikolojia Édouard Claparède wa Geneva aliandika habari za mwanamke ambaye kumbukumbu mpya zilikuwa hazikai kichwani mwake. Siku moja Claparède alificha pini kiganjani, akampa mkono, pini ikamchoma. Muda mfupi baadaye mwanamke yule alikuwa hakumbuki lolote, lakini aliponyooshewa mkono tena aliurudisha wake nyuma, na hakuweza kueleza vizuri kwa nini. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha na vingine vya kufurahisha. Dakika chache baadaye walikumbuka kidogo sana, wengine hawakukumbuka kitu, ila huzuni na furaha ziliendelea kuwakaa. Kwa hiyo dai kwamba anayesahau hadhuriki kwa kukaripiwa halisimami. Tukio hufutika na uchungu hubaki, tena hubaki bila sababu ambayo mwenyewe angeweza kuitaja. Mgonjwa anayeitwa mkorofi saa kumi jioni huenda bado yumo ndani ya hofu aliyotiwa saa nne asubuhi.

Kuna jambo zito zaidi. Mwenye kumbukumbu zake huvumilia mengi hospitalini kwa sababu ana maelezo: sindano inauma lakini itaniponya, mpira wa mkojo unakera lakini Ijumaa utatolewa. Maelezo hayo humsaidia kuyabeba maumivu. Mwenye demensia hana pa kuyaweka maelezo hayo. Kwake yeye, mtu asiyemjua amemvua kanga na kummwagia maji, basi; akizaba makofi na kupiga kelele, anajitetea kama yeyote angejitetea. Hapo sauti na mkono wa muuguzi ndivyo vinavyoshika nafasi ya maelezo. Asimame mbele yake aonekane. Amwamkie shikamoo kabla ya kumgusa, maana salamu zilizozoeleka tangu utotoni mara nyingi hudumu hata majina ya watoto yakishapotea. Amfunike kifua wakati anaosha miguu, na ampe kitambaa ajipanguse uso mwenyewe. Na bibi anapomwita mama yake aliyefariki miaka mingi iliyopita, kumwambia kikavu kwamba alikufa ni kumletea msiba mpya kila usiku, na kumwambia mama yuko njiani ni kumdanganya. Ipo njia ya tatu: “Umemkumbuka mama, bibi. Alikuwa akikupikia nini?”

Wapo watakaopinga kwa falsafa. Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu ni yuleyule kwa kadiri ufahamu wake unavyoyafikia matendo yake ya nyuma. Wengine huvuta hoja hiyo hadi kusema kwamba aliye kitandani si yule aliyekuwa mwalimu au mfanyabiashara, hivyo heshima ya yule haimstahili huyu. Tuseme ni kweli. Bado yupo anayeumia sasa. Zipo dawa zinazomfanya mgonjwa asikumbuke kabisa upasuaji aliofanyiwa, lakini hakuna atakayekubali apasuliwe bila ganzi kwa sababu tu kesho hatakumbuka. Dini nazo hazikuliweka sharti la kumbukumbu. Kurani inataja wazi wale wanaorudishwa kwenye umri dhaifu hata wasijue kitu baada ya kujua, na inakataza kuwagunia wazazi waliozeeka. Injili ya Mathayo inamsifu aliyemtazama mgonjwa, bila kuuliza kama mgonjwa alimtambua. Ndiyo maana wahenga wakasema tenda wema nenda zako.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kazi yenyewe. Muuguzi mmoja ana wodi nzima usiku. Dakika tano za kumtuliza mmoja zinatoka kwa mwingine. Ni kweli, lakini ukali nao una gharama yake. Mgonjwa anayefungwa mikono huzidi kuhangaika, na kulala hivyo muda mrefu humletea vidonda vya mgandamizo, vinavyodai muda mwingi kuliko dakika tano. Tena msaada mara nyingi uko getini. Mwaka 2014 nchini Uingereza ilianzishwa Kampeni ya John, ikidai ndugu wa mgonjwa wa demensia waruhusiwe kukaa naye hospitalini. Kwetu ndugu hulisha, huosha na kugeuza wagonjwa, kisha saa za kutazama wagonjwa zikiisha wanatolewa nje, hata yule ambaye sura yake pekee ndiyo inayomtuliza mzee. Kubadili kanuni hiyo si juu ya muuguzi wa zamu. Ni juu ya uongozi. Uhaba wa wauguzi basi unatuonyesha nani anadaiwa, haufuti deni. Mgonjwa mwenye kumbukumbu anaweza kulalamika, na hofu ya malalamiko yake ikafanya kazi ambayo huruma ilipaswa kuifanya. Asiyekumbuka hana wa kumshtaki, kwa hiyo jinsi anavyotendewa ndicho kipimo cha kweli cha wodi.