Amana ya Ulimi

Kuna swali moja ambalo kila aliyesoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake amekwisha kuulizwa, na kama bado basi na asubiri, litakuja: Utafanya kazi gani? Anayesomea udaktari haulizwi. Anayesomea ujenzi wa barabara haulizwi. Milango yao ina vibao, na mpita njia yeyote anaweza kuvisoma. Lakini kijana anaporudi nyumbani likizo na kusema kwamba huko chuoni anasoma riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiingereza, wazee hutazamana, kisha mmoja wao hukohoa kidogo na kuuliza kwa upole kama hadithi nazo siku hizi zinaliwa.

Nimelisikia swali hilo nikiwa pande zote mbili. Niliulizwa mimi nilipokuwa mwanafunzi. Baadaye, katika miaka yangu ya kufundisha Kiingereza kwenye shule za sekondari mkoani Tanga, niliulizwa na wazazi wa wanafunzi wa mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Wako wasomi wanaolichukia swali hili. Husema kwamba elimu haipimwi kwa kilo kama mahindi, na kwamba anayeuliza hivyo ameonyesha ujinga wake. Mimi silichukii. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza ng'ombe yule amegeuka kuwa nini.

Hata wakubwa wa fasihi walilipiwa na watu. Chinua Achebe wa Nigeria aliingia chuo cha Ibadan mwaka 1948 kwa ufadhili wa kusomea udaktari. Baada ya mwaka mmoja akaacha, akageukia Kiingereza, historia na dini, na ufadhili ukakatwa. Kaka yake alikuwa ameweka akiba ya fedha za kusafiria kwenda nyumbani likizo. Fedha zile akampa mdogo wake. Leo tunakisoma kitabu cha Achebe, hata kwa Kiswahili tunacho kwa jina la Shujaa Okonkwo, lakini ni nani anayemkumbuka kaka aliyekosa likizo? Basi somo hili lina gharama, na mara nyingi mlipaji si yule anayelisoma. Swali la mlipaji linastahili jibu la kweli.

Jibu la kwanza ni jepesi, nami nitalipitia upesi. Kazi zipo. Upo ualimu, ambao ndio umewapokea wengi wetu. Upo uhariri wa vitabu na magazeti. Upo utangazaji: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na tangu hapo imewahitaji watu wanaoweza kuisoma habari kwa Kiingereza na kuisema kwa Kiswahili kisichokwaruza. Ziko ofisi za ubalozi na mashirika. Upo utalii. Arusha peke yake imeajiri wajuzi wa lugha kwa miaka mingi: ilikuwapo mahakama ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa 2015, ambayo iliendesha kazi zake kwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wakisema Kinyarwanda, iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yako makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa Tanzania na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, vitabu vizima vya sheria vilivyoandikwa kwa Kiingereza vikawa vinamngoja mfasiri.

Lakini jibu hilo ni la tumbo tu. Kila nikiitazama orodha hiyo naona kwamba kazi zote hizo ni kazi moja iliyovaa nguo mbalimbali. Mwalimu anasimama kati ya mtoto na mtihani ulioandikwa kwa lugha asiyoisikia nyumbani kwao. Mtangazaji anasimama kati ya msikilizaji na habari za mbali. Mfasiri wa sheria anasimama kati ya raia na amri inayomhukumu. Wote ni wakalimani. Na mkalimani ana jambo moja asilokuwa nalo fundi seremala: mteja wake hawezi kuikagua kazi yake. Meza ikiyumba, mwenye meza ataona. Tafsiri ikiyumba, asiyejua lugha ataondoka akishukuru.

Hapo ndipo swali la kazi linapogeuka kuwa swali la maadili. Si tena utafanya kazi gani, bali utasimama kati ya nani na nani, na yule asiyeweza kukukagua atabaki na nini mkononi.

Historia ya bara letu inayo mifano. Tarehe 30 Oktoba 1888, Lobengula, mfalme wa Wandebele, alitia alama yake kwenye hati iliyoandikwa kwa Kiingereza. Hati ile iliwapa wajumbe wa Cecil Rhodes haki ya madini yote katika ufalme wake, pamoja na uwezo wa kufanya lolote watakaloona la lazima ili kuyapata. Yeye aliahidiwa paundi 100 kwa mwezi, bunduki 1,000 na risasi zake. Mkalimani alikuwa Charles Helm, mmisionari aliyeaminiwa na mfalme. Katika mazungumzo, wajumbe waliahidi kwa mdomo kwamba hawataleta watu weupe zaidi ya kumi kuchimba. Ahadi hiyo haikuandikwa kwenye hati. Mfalme alipong'amua yaliyoandikwa aliikana hati, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Mwaka 1890 msafara wa kampuni ya Rhodes uliingia Mashonaland, na mwaka 1893 ufalme wa Lobengula ukavunjwa kwa vita.

Tazama jinsi jambo lilivyokwenda. Maneno aliyoyasikia mfalme yalisemwa kweli. Ila yale yaliyomtuliza moyo yalibaki hewani, na yale yaliyomla yalikuwa kwenye karatasi. Udanganyifu mkubwa wa lugha hauhitaji neno hata moja la uongo. Unahitaji kunyamaza mahali panapofaa.

Nasi tusidhani kwamba mambo hayo yaliisha na wafalme. Miaka kadhaa iliyopita alinijia bibi mmoja, jirani yangu, mjane anayelea wajukuu watatu. Kampuni moja ilitaka kujenga mnara wa simu kwenye kiwanja chake, na wakala wao alikuwa amemwachia karatasi. “Mwalimu, nisomee,” aliniambia. “Kijana kasema ni miaka kumi tu, na kodi nitapokea kila mwaka.” Nikasoma. Ni kweli ilikuwa miaka kumi. Lakini katika ukurasa wa nne palikuwa na kipengele kilichosema kwamba muda huo ukiisha, kampuni inaweza, kwa hiari yake yenyewe, kuuongeza mara tatu, kwa kodi ileile. Miaka kumi ilikuwa arobaini.

Wakala aliporudi, bibi alimtaka tuonane wote watatu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alitoa shikamoo zake vizuri. Katika mazungumzo nikagundua kwamba naye alisoma Kiingereza na fasihi chuo kikuu. Tukataja hata riwaya ambazo sote tulizifanyia mtihani. Nilipomwonyesha ukurasa wa nne hakukana. Alisema, “Mwalimu, mimi sikumdanganya bibi. Hakuniuliza.” Kisha akaahidi kupeleka maoni yetu ofisini. Hakurudi. Mnara ulijengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na bibi hakupata kodi wala ada ya shule aliyokuwa akiitarajia. Mtaani wapo waliosema kwamba mwalimu kamnyima bibi riziki.

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi, maana si neno la kipuuzi. Fedha zile zilikuwa za kweli, na wajukuu walikuwa na shida ya kweli. Ningeweza kunyamaza kwa huruma. Ningesema moyoni kwamba bibi ni mzee, miaka arobaini haimhusu, bora ale leo. Lakini hapo ningekuwa nimefanya lilelile alilofanya wakala, ila yeye kwa ajili ya mwajiri wake, na mimi kwa kujifanya najua zaidi heri ya bibi. Kuamua kulikuwa haki yake. Angaliweza kusikia yote na bado akatia dole gumba. Ningalimshuhudia na kumtakia baraka. Deni langu kwake halikuwa uamuzi mwema. Lilikuwa maneno yote.

Kutokana na hayo nimejiwekea kipimo kimoja, nacho ni chepesi kubeba. Unapomfasiria mtu asiyejua lugha, jiulize: kama lugha hiyo ingemfunukia ghafla, sasa hivi, mbele yangu, ningeona aya? Kama jibu ni hapana, umetimiza amana. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mkalimani mwaminifu ni yule ambaye hapati mashaka yoyote mjinga anapoerevuka.

Yamkini msomaji ataniuliza: hilo ni suala la lugha, je, fasihi inaingiaje? Si ingetosha kijana ajifunze Kiingereza cha barua na mikataba? Mimi naona fasihi inaingia katikati kabisa. Anayesoma riwaya kwa makini hufundishwa kumsikiliza msimulizi na kumshuku: Ni nani anayesema? Anataka nini? Amelipitia upesi jambo gani? Amemnyima nani nafasi ya kusema? Aliyeyazoea maswali hayo kwenye tamthilia hayawekei kando anapoipokea karatasi ya benki. Ukurasa wa nne hauonekani na macho yaliyozoea maneno peke yake. Unaonekana na macho yaliyozoea watu.

Wengine watasema kwamba kazi hiyo inakwisha, kwani mashine sasa zinafasiri kwa dakika moja ukurasa uliokuwa ukimchukua mtu mchana mzima. Ni kweli, na riziki za baadhi ya wafasiri zitapungua. Lakini mashine haikai jirani na bibi. Haiwezi kuambiwa mtaani kwamba imemnyima mtu riziki. Asiyeweza kulaumiwa hawezi kupewa amana.

Wala sisemi kwamba kila msomi wa Kiingereza akatae kazi ya kampuni na kukaa barazani akisomea wajane karatasi zao bila malipo. Nani atamlisha? Wenye nguvu wataendelea kuwalipa wajuzi wa lugha vizuri kuliko wanyonge, na kijana mwenye wazazi na wadogo zake hana budi kuishi. Wakala yule alihitaji mshahara kama mimi. Ninalosema ni kwamba mshahara unanunua saa zake na ujuzi wake. Haununui ukurasa wa nne. Angeweza kukitumikia kiwanda chochote, ofisi yoyote, na bado akasema, “Bibi, kabla hujatia dole, sikiliza na hiki.” Kusema hivyo kunaweza kumgharimu kazi siku moja, sikatai. Lakini elimu bila amali ni kama nta bila asali, na amali ya mjuzi wa lugha ni hii.

Mwalimu Nyerere, katikati ya shughuli za urais, alipata nafasi ya kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Hakuna aliyemlipa mshahara kwa hilo. Alichokisoma kwa lugha ya wengine alikirudisha kwa lugha ya watu wake. Hii ya pili, kama ujuavyo msomaji, ni hadithi ya mkataba, na ya mtu mmoja aliyeusoma neno kwa neno hadi akaokoa roho ya mwenziwe.

Basi, kijana unayesoma Kiingereza na fasihi yake, wazee wakikuuliza utafanya kazi gani, usinung'unike. Wajibu kwa heshima: nitafundisha, au nitahariri, au nitafasiri, kadiri Mungu atakavyonijalia. Hayo yatawatosha. Swali la pili, la kwamba utasimama kati ya nani na nani, hawatakuuliza, kwa kuwa wamekwisha kukuamini. Hilo itakubidi ujiulize mwenyewe, kila karatasi inapowekwa mbele yako.