Minazi ya Urithi na Kotama ya Mgema

Ndugu zetu Waislamu, liko jambo hapa pwani ambalo wengi hulitenda na wachache huliuliza. Watu huachiwa na mzee wao shamba la minazi. Nazi zikishuka bei, huwapa wagema minazi hiyo wageme tembo, nao wakapokea kodi. Wakilaumiwa hujibu: "Sisi hatunywi wala hatuuzi, twakodisha miti tu." Je, jawabu hili lawaokoa?

Wanavyuoni walikwisha kulijadili suali hili katika zabibu. Kumwuzia zabibu mtu umjuaye kuwa atazifanya mvinyo, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ni haramu. Ukishuku tu, ni makuruhu. Imam Abu Hanifa aliruhusu kuuza maji ya zabibu, kwa hoja kuwa maasi hayamo katika maji yenyewe, bali huja baadaye yakisha kugeuka. Hoja hii hatuidharau. Lakini na tuipime katika mnazi. Mgema hukata ncha ya karara kabla halijapasuka, akafunga kibuyu, na tembo huanza kuchachuka humo humo juu ya mti, kabla halijateremshwa. Basi mageuko hayangoji soko. Hutokea katika mti wa mwenye shamba, naye ajua. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila kileweshacho ni khamri, na katika watu kumi aliowalaani kwa ajili yake yumo mwenye kula thamani yake.

Watasema: watoto wetu watakula nini? Hatukani kuwa tembo lina faida. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, aya ya 219, yakubali kuwa katika ulevi mna manufaa, kisha yahukumu kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Kwa hivyo faida si hoja. Na leseni ya serikali humwondolea mtu faini, haimwondolei hesabu.

Tena shamba la urithi si la mmoja. Limo fungu la dada, limo na la yatima. Kaka mkubwa akipatana na mgema, huwalisha hao chumo wasilolichagua. Kisha humsomea marehemu khitma kwa fedha zizo hizo! Mti aupandao Mwislamu, akala mtu au ndege au mnyama, ni sadaka yake. Karara likatwalo ndilo lingalizaa nazi. Basi mwana huyo amkatia baba yake sadaka, kisha amwombea rehema.

Mnazi una madafu, mbata, mafuta, makuti na makumbi. Wenye mashamba na washirikiane wakamue mafuta wenyewe, wasingojee bei ya mchuuzi. Nasi tununuao tusitake nazi kwa bei ya bure, kisha tukamlaumu mwenye shamba kwa kumwita mgema. Katika lawama hiyo tuna fungu letu.

Wabillahi tawfiq.