Ushinde Wao, Ushinde Wetu

Mwingereza akikusimulia jinsi nchi yake ilivyotekwa, hakunji uso. Warumi walikuja wakatawala kwa karibu miaka 400. Baadaye wakaja Waviking. Kisha tarehe 14 Oktoba 1066, William wa Normandy akamshinda Mfalme Harold huko Hastings, na mwaka huo watoto wa shule wa Uingereza wanaujua kama wetu wa Kenya wanavyoujua 1963, mwaka wa uhuru. Linalonishangaza ni kwamba huyo William wanamhesabu kuwa mfalme wao. Ngome aliyoijenga London ili kuwatia wenyeji hofu, leo watu hulipa kiingilio waione, na vito vya ufalme vimehifadhiwa humo humo.

Wala hakuwa mpole. Majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070, majeshi yake yaliteketeza vijiji na maghala ya nafaka kaskazini mwa nchi, watu wakafa njaa. Mali ya nchi ilipoorodheshwa kwa agizo lake, mwaka 1086, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imeshawatoka mabwana wa Kiingereza na kugawiwa wakubwa wa kutoka ng'ambo. Mtu wa Kiambu au wa Nandi akiyasoma hayo hahitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna malkia Boudica. Sanamu yake ya shaba iko kando ya daraja la Westminster, ng'ambo ya barabara kutoka Bungeni, amesimama katika gari la vita pamoja na binti zake wawili. Warumi walimcharaza viboko, wakawanajisi binti zake, naye mwaka wa 60 au 61 akawaongoza watu wake wakauchoma mji wa London. Mji huo huo ndio uliomsimamishia sanamu. Na hakuwa hata Mwingereza, maana Waingereza waliingia kisiwani karne kadhaa baada yake, nao waliingia kwa mabavu. Wamemchagua tu wakamfanya mama yao.

Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1902. Mwaka huo huo serikali ya wenye sanamu ilitoa hapa kwetu sheria ya kuwagawia walowezi ardhi ya watu. Miaka mitatu baadaye Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kuwapinga Waingereza, alipigwa risasi alipokwenda kwenye kikao cha kutafuta amani. Aliyepigana na Warumi alikuwa shujaa, aliyepigana nao wao alikuwa mhalifu. Hilo sitalisahau, na sidhani tunapaswa kulinyamazia.

Kwetu Pumwani kulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili Waafrika wa Nairobi, waliokuwa wakiishi katika vijiji vyao wenyewe kama Mombasa na Maskini, wakusanywe mahali pamoja wachungwe. Ndiyo miaka ya Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wazee waliposhauri watu warudi makwao, mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume na kuwaongoza watu kusonga mbele. Risasi zikafyatuliwa, akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Waulize vijana wa Majengo au Gikomba. Thuku watakwambia ni barabara. Nyanjiru hawamjui kabisa, na kosa si lao, kwa sababu hakuna aliyewasimulia.

Kwa nini basi sisi hatuwezi kuusimulia ushinde wetu kwa utulivu ule wa Waingereza? Muda ni sababu moja: wao wamepata zaidi ya miaka 900. Tena Wanormani walibaki, wakaoa, wakazaa, wajukuu wao wakawa Waingereza. Wetu walipofika 1963 walifunga virago. Na kuna sababu nyingine, ambayo hutaipata vitabuni.

Bibi mmoja wa Majengo, ambaye mwaka 1954 alikuwa msichana mdogo, alinisimulia alfajiri ya Aprili 24, siku wanajeshi walipouzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, wakiwasaka wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni. Milango iligongwa kwa vitako vya bunduki. Mpangaji wa baba yake, Mkikuyu aliyekuwa fundi wa viatu, alitolewa nje akapangwa foleni na wenzake. Mbele yao alikuwa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, unapandishwa lori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini kwa msako ule, na fundi yule hakurudi tena kwenye chumba chake. "Lakini mwanangu," akaniambia, "gunia halikufika miguuni. Ile miguu mimi niliijua. Alikuwa akija kwetu kunywa chai."

Nilimuuliza ni nani. Akakataa. Wajukuu wake wako hapa hapa mtaani, akasema, wana kosa gani? Amekaa na jina hilo miaka 70.

Hakuna Mwingereza anayejua babu wa jirani yake alisimama upande gani pale Hastings. Sisi tunajua, tunakutana nao msikitini na kilabuni, na siasa zetu hulichokonoa jambo hilo kila uchaguzi. Simlaumu bibi yule. Alilinda amani ya mtaa kwa njia aliyoiona. Bali ukimya wa serikali mbili, ya London na ya Nairobi, hauna udhuru huo. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walisafirisha faili za Kenya, masanduku 300 hivi, wakazificha kwao hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua mwaka 2011. Juni 2013 waziri wao William Hague alieleza masikitiko bungeni, na wazee 5,228 wakakubaliwa fidia. Mfalme Charles alipozuru Nairobi mwaka 2023 alitaja majuto makubwa, ila neno la kuomba radhi halikutoka.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe kaburi, ili amzike mumewe kama watu wanavyozikwa. Alifariki Mei 2023 bila kutimiziwa ombi hilo. Wanaomheshimu Boudica mbele ya Bunge lao wanajua vizuri Mukami alikuwa akiomba nini. Serikali ya London na ya Nairobi zitoe kila karatasi inayohusu mazishi yale, na mifupa ikabidhiwe jamaa zake.