KIU YA MWENYE MIMBA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Suala. Mwanamume ana mke mwenye mimba ya miezi saba. Ramadhani imeingia katika joto la kaskazi, kama ilivyoingia mwaka 2025. Alasiri mke ameshikwa na kiu, kichwa chamuuma, macho yamwingia kiza. Mume amwambia: "Subiri, magharibi si mbali. Mama yangu alizaa watoto saba, wala hakula mchana wa Ramadhani hatta siku moja." Mke akanyamaza kwa haya, asije akaambiwa kuwa dini yake ni dhaifu. Je, mume huyu ameamrisha mema?

Jawabu. La, hakuamrisha mema; na sababu zake ni hizi.

Kwanza ijulikane kiu hii ni nini. Si ulegevu wa moyo. Matabibu wamebainisha kuwa damu ya mwenye mimba huzidi kwa karibu nusu ya ilivyokuwa, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni maji. Figo zake hufanya kazi zaidi, na mtoto naye amezungukwa na maji ndani ya chupa ya uzazi. Kwa hiyo Mola amejaalia kiu imjie mapema kuliko desturi yake, ili anywe kabla hajapungukiwa. Hukadiriwa kuwa ahitaji bilauri 8 hatta 12 za maji killa siku, na penye joto huhitaji zaidi. Akipungukiwa, mkojo hukoza rangi, kizunguzungu humshika, na huenda tumbo likaanza kukaza kabla ya wakati wake.

Pili, Sheria imekwisha kusema. Imepokewa kwa Anas bin Malik al-Kaabi, naye si yule mtumishi wa Mtume, kuwa mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wameondolewa uzito wa saumu kama alivyoondolewa msafiri. Na Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj: akikhofu juu ya nafsi yake, atafungua na atalipa siku zake, wala hana fidia, akikhofu juu ya mtoto peke yake, atalipa na atatoa fidia, mudi moja ya chakula cha mji kwa killa siku. Na ikiwa khofu ni ya kuangamia, kufungua ni wajibu, na kufunga ni haramu.

Huenda mtu akasema: mbona wako waliofunga na watoto wao wakazaliwa salama? Hujibiwa: hao hawakukhofu madhara, na saumu yao ni sahihi. Sheria haikumkataza killa mwenye mimba kufunga. Imeifunga hukumu na khofu. Na khofu hiyo hujulikana kwa alivyouzoea mwili wake mwenyewe, au kwa neno la tabibu mwaminifu. Haijulikani kwa mwili wa mama mkwe.

Na akisema: mlango huu ukifunguliwa, wanawake wataichezea saumu. Hujibiwa: aliyeufungua ni Mola, na deni la kulipa limebaki shingoni mwa mke. Ruhusa ni sadaka ya Mungu kwa mja wake. Haimpasi mtu kuikataa kwa niaba ya mwingine. Subira ya mtu ni juu ya kiu yake mwenyewe. Kuvumilia kiu ya mwenzio si subira, ni ugumu wa moyo.

Tena wakumbuke wanaokwenda Hija. Sai baina ya Safa na Marwa, mara saba, ni nguzo katika madhhab ya Imamu Shafi'i. Na asili yake ni mbio za Bi Hajar, mama mwenye kunyonyesha, aliyeishiwa na maji na mwanawe Ismail yu hali ya kiu. Mola hakuiacha kiu ile, alimtolea Zamzam. Na Bi Maryam katika uchungu wake alipewa kijito na tende, akaamrishwa ale na anywe. Itakuwaje basi mtu akafuata nyayo za mama mwenye kiu huko Makka, akazidharau zilizo nyumbani mwake?

Yampasa mume nini? Maji ya kunywa ni katika nafaqa. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya chumvi hayakati kiu. Basi amtafutie matamu, mtungi usikauke, wala asimwachie mwenye mimba kubeba ndoo. Ramadhani amwambie yeye mwanzo kuwa ana ruhusa, asimngoje aombe. Na akiona mke anywa sana na kiu haiishi, na mkojo ni mwingi kupita kiasi, ampeleke kwa tabibu apimwe sukari, kwani huenda ni maradhi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wapole kwa walio chini ya dhamana yetu. Amin.