Ukinaifu wa Sindano

Watu wanapozilinganisha dawa za sindano za kupunguza unene, aghalabu huuliza swali moja tu: ipi inaondoa kilo nyingi zaidi? Ni swali halali, na jawabu lake si gumu kulipata. Liraglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2014 kwa jina la Saxenda, hudungwa kila siku. Semaglutide, ambayo wenye kisukari waliijua kwanza kwa jina la Ozempic, na ambayo mwaka 2021 ilipewa jina la Wegovy kwa ajili ya unene, hudungwa mara moja kwa wiki. Tirzepatide, yaani Mounjaro, nayo ni ya wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliziweka mbili za mwanzo kwenye mizani moja: baada ya wiki 68, waliotumia semaglutide walikuwa wamepungua asilimia 15.8 ya uzito wao kwa wastani, na wale wa liraglutide asilimia 6.4. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya kuzishindanisha semaglutide na tirzepatide kwa watu 751. Baada ya wiki 72 tirzepatide iliongoza kwa asilimia 20.2 dhidi ya 13.7. (Utafiti huo uligharamiwa na Eli Lilly, wenye tirzepatide. Sisemi kwamba walidanganya, lakini mwamba ngoma huvutia kwake.) Kwa mtu wa kilo 100, tofauti hiyo ni kilo sita na nusu.

Hesabu imekwisha, na lau lingekuwa ni jambo la hesabu tu nisingeshika kalamu. Linalonishughulisha ni namna kilo hizo zinavyoondoka. Dawa hizi haziyeyushi mafuta kama wengi wanavyodhani. Zinaiga homoni ambayo utumbo wetu wenyewe huitoa tunapokula, nayo huliambia kongosho litoe insulini, huliambia tumbo lisiharakishe kukiteremsha chakula, na huuambia ubongo kwamba inatosha. Homoni ya asili huvunjwa kwa dakika chache. Ya sindano za wiki hukaa mwilini siku kadhaa. Tirzepatide huiga pia homoni ya pili ya utumbo. Kwa hiyo kinachopungua kwanza si mwili bali hamu. Wengi waliozitumia husimulia kwamba kulikuwa na kelele za chakula vichwani mwao tangu utotoni, na kwamba siku moja kelele zile zilinyamaza.

Kiswahili kina neno lililokuwa likiingoja hali hii: kukinai. Mtu aliyekinai ameridhika, hatamani cha ziada, na wazee walimsifu kwa hilo. Lakini pilau yenye samli nyingi nayo hukinaisha, yaani humfanya mtu ahisi kichefuchefu, asitake hata kuiona. Neno ni lile lile. Na ajabu ni kwamba sindano hizi huleta maana zote mbili kwa pamoja: utulivu wa asiyetamani, na kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, hasa kipimo kinapopandishwa. Wengine hupata mawe ya nyongo, na wachache uvimbe wa kongosho. Kwa hiyo swali langu ni hili: je, ukinaifu unaotoka ndani ya kichupa ni ukinaifu kweli?

Wapo wanaojibu upesi kwamba huo ni udanganyifu. Mwenye kupungua, wanasema, apungue kwa jasho na kwa kujinyima, maana bila taabu hakuna sifa. Mimi sikubaliani nao. Kwanza, hatumwambii mwenye shinikizo la damu kwamba vidonge vyake ni uvivu. Pili, hao hao wanaomlaumu mtu mnene kwa ulafi hawajui njaa yake ikoje. Njaa ya mtu haipimwi na jirani. Yuko anayeacha sahani nusu bila jitihada yoyote, kisha akajisifu kwa kiasi. Huyo hakushinda kitu. Alizaliwa hana vita.

Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki aliwatenganisha watu wawili ambao sisi huwachanganya. Mmoja ana tamaa kali, lakini anaishinda. Wa pili hana tamaa mbaya ya kushindana nayo. Anataka kile tu kinachostahili, kwa kadiri inayostahili. Wengi wetu tungempa taji yule wa kwanza kwa sababu ametoka jasho. Aristotle alimpa wa pili. Kwake yeye, mtu anayepigana na nafsi yake kila siku bado hajafika. Tukimfuata, basi mwenye sindano hakosi sifa kwa sababu tu hapigani. Lakini mwalimu huyo huyo alisema tabia njema hupatikana kwa kutenda tena na tena, mpaka tendo likawa sehemu ya mtu, na hapo ndipo mkwamo ulipo. Sindano inakupa hali ya yule wa pili bila kukupitisha njia aliyoipita.

Binti wa ndugu yangu, aishiye Uingereza, alinipigia simu baada ya Ramadhani ya mwaka 2025. Alikuwa amekwisha miezi akitumia mojawapo ya dawa hizi. Hakuniuliza habari za kilo. Alisema: "Ami, mwaka huu sikuona njaa hata siku moja. Magharibi ikifika nakula tende kwa kuwa saa imefika. Sasa mimi nimefunga, au nimekaa tu?"

Nilimwambia kwamba mimi si mufti, na kwamba nijuavyo funga ni nia na kujizuia, wala hakuna aliyepewa ratili ya kupimia njaa. Bibi kizee ambaye hamu ya chakula imemtoka kwa umri naye hufunga, na hakuna amwambiaye funga yake ni pungufu. Akasema anajua hayo. "Lakini nilikuwa nikihisi njaa saa tisa namkumbuka mama alivyokuwa akitugawia mkate mmoja watu sita. Mwaka huu sikumkumbuka."

Sikuwa na la kumjibu. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi tangu hapo, na naona aligusa kitu ambacho majedwali ya asilimia hayakigusi. Njaa si adui tu. Ni mlango ambao kwao tunaingia katika hali za wenzetu. Anayeshiba daima humsahau mwenye njaa bila kukusudia. Hata hivyo sikumwambia aache. Alikuwa na uzito uliokuwa ukimuumiza magoti na kumnyima usingizi, na daktari wake alikuwa na hofu juu ya moyo wake. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Utafiti wa mwaka 2023 uliowahusisha watu 17,604 wenye maradhi ya moyo na uzito mkubwa, wasio na kisukari, ulionyesha kwamba semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo kitokanacho na maradhi hayo. Kumwomba mtu abaki na maradhi ili apate kumkumbuka mama yake ni ukatili. Kumbukumbu itafute mlango mwingine. (Kwetu pwani, nikumbushe, mtu akinenepa huambiwa amenawiri. Sifa hiyo imewatesa wengi waliotaka kwenda hospitali.)

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ukinaifu huu hauna mizizi. Watu walioacha semaglutide baada ya utafiti mmojawapo walirudishiwa theluthi mbili za uzito walioupoteza katika muda wa mwaka mmoja. Dawa haikuwafunza chochote. Ilikuwa imewashikia mlango, na ilipouachia mlango ukajifunga. Wenye kuzitetea husema kwamba hivyo ndivyo yalivyo maradhi ya kudumu, na kwamba dawa ya shinikizo nayo ukiiacha shinikizo hurudi. Ni kweli. Ila shinikizo la damu si sehemu ya ninavyojitambua. Hamu yangu ni sehemu yake. Anayetumia dawa hii huishi katika nafsi ya kupanga, na mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba bei ya Mounjaro nchini Uingereza ingepanda mwezi uliofuata, kipimo cha juu kabisa kutoka pauni 122 hadi 330 kwa mwezi. Mtu aliyekinai kwa pauni 122 aliambiwa kiasi chake kimepanda bei.

Basi nikiulizwa ipi bora, jawabu langu si lile la mizani peke yake. Ningeuliza kwanza: ipi utaweza kuendelea nayo miaka kumi? Ipi tumbo lako linaivumilia? Na ipi ukiichukua humnyang'anyi mwingine? Hili la mwisho halikuwa swali la kinadharia. Kuanzia mwaka 2022 hadi mwanzoni mwa 2025 semaglutide ilikuwa katika orodha ya dawa adimu huko Marekani, kwa kuwa waliotaka kupungua walikuwa wengi kuliko viwanda vilivyoweza kuwatosheleza, na wenye kisukari, ambao Ozempic ilitengenezwa kwa ajili yao, wakawa wanazunguka maduka ya dawa mikono mitupu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya Ozempic bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwenye kilo tano za kupunguza kabla ya harusi na mwenye figo zinazoharibika kwa sukari walisimama katika foleni moja, na foleni hiyo ilipangwa kwa fedha.

Septemba 2025 Shirika hilo liliziingiza semaglutide, liraglutide na tirzepatide katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na maradhi ya moyo au figo, na unene. Nimeisoma habari hiyo kwa furaha. Kisha nikafikiria hospitali za wilaya ninazozijua, ambako mgonjwa wa kisukari bado huulizwa kama amekuja na bomba lake la sindano, kwa insulini ile iliyogunduliwa mwaka 1921.